Maduara ya Wifi Yangu

Jumamosi jioni, Bukoba. Mvua imeanza saa nane mchana na haijakata, ziwa halionekani, na senene, panzi wetu wa kukaanga, mwaka huu wamechelewa. Majirani wamejazana barazani wakiwalalamikia senene utadhani kuna mtu kawaficha. Mimi nina malalamiko yangu mengine.

Nina wivu.

Nimeandika na sitafuta. Nina miaka arobaini na minne, nina duka langu la steshenari, nina watoto wawili wanaosoma vizuri, na ninamwonea wivu mke wa mdogo wangu kwa sababu mama yangu mzazi anampenda. Wanaosema mwenye wivu ajinyonge hawajui kwamba mwenye wivu hana nafasi hiyo. Ana kazi nyingi mno.

Baba alipofariki mwaka jana, kibanja chetu, shamba la ukoo kule kijijini Kamachumu, kilibaki kwa Deo, mdogo wangu. Kwetu ndivyo ilivyo, kibanja ni cha mtoto wa kiume, na sikulalamika maana nimelelewa nikijua hivyo. Deo akapata migomba, mibuni, kaburi la Baba pale nyuma ya nyumba, na wajibu wa kuishi na Mama. Lakini Deo ni dereva wa malori, nyumbani anaonekana kwa nadra. Aliyerithi hasa ni mkewe, Edina. Kibanja nilijua nitakikosa. Kumkosa Mama hakuna aliyenitangazia.

Baada ya msiba Mama aliacha kulala. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa tu, na presha ikapanda. Nikamleta hapa mjini. Nikampeleka kwa daktari, nikamnunulia dawa, redio, shuka mpya, samaki wabichi kila walipopatikana. Usiku halali, mchana hali. Mwezi haukuisha akaniuliza gari la Kamachumu linaondoka saa ngapi.

Nilimsindikiza huku natabasamu. Niliporudi nililia hadi nikaumwa kichwa.

Edina ametokea Kimwani, si mzaliwa wa kwetu. Kabla ya kuolewa aliwahi kufanya kazi Mwanza kwenye kituo cha kulea wagonjwa, na huko aliwafundisha watu kile ambacho yeye anakiita kutulia tu. Mnakaa kimya, mnavuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kisha mnapaka rangi michoro ya duara inayoitwa mandala. Unaanzia katikati, unatoka nje mzunguko kwa mzunguko, na huruhusiwi kuharakisha. Alikuja dukani kwangu kuichapisha. Mimi mwenyewe nilimtolea fotokopi, nikampa na boksi la penseli za rangi kwa ajili ya Mama. Moyoni nilicheka. Mwanamke wa miaka sabini na miwili afundishwe kupaka rangi kama mtoto wa chekechea!

Mama aliutazama mchoro wa kwanza akasema, hiki si kitako cha kibo?

Alikuwa sahihi. Mama alisuka vibo, vikapu vyetu vya duara, tangu utotoni, hasa vile vidogo vya kumwekea mgeni kahawa ya kutafuna. Kibo huanza na fundo moja katikati, kisha kinakua kwa kuzungushwa. Vidole vyake vilikakamaa, akaacha kusuka miaka mingi iliyopita. Penseli ni nyepesi kuliko sindano. Akaichukua, akaanzia katikati bila kuelekezwa, na usiku ule akalala mpaka kukacha.

Edina alinipigia simu kunipa habari njema. Nikasema Mungu ni mwema. Nikakata simu, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Yaliyofuata nilikuwa nikiyapata kwa vipande. Wajane wengine wakasikia, wakaomba nao. Wakafika kumi, wakapewa ukumbi wa usharika kila Jumatano baada ya saa tisa. Mama, ambaye alikuwa hataki hata kutoka getini, akawa anapanda kilima cha kwenda ukumbini na faili lake kwapani. Akaanza kucheka. Na mimi, nisidanganye, nikaanza kupaka maduara yangu kisirisiri dukani, asubuhi kabla sijafungua. Yanafanya kazi. Nikifika mzunguko wa tatu mabega yanashuka yenyewe. Kisha nakumbuka nimeyapata kwa nani, yanapanda tena.

Siku moja nikaenda Kamachumu bila kuaga. Nikawakuta wawili barazani. Edina anajifunza kusuka, Mama kamwinamia, na mkononi mwa Edina kuna sindano ya Mama ya kusukia, ile ya chuma aliyopewa na mama yake. Mimi Mama alinifundisha nikiwa darasa la sita. Nikasema nina mitihani. Hakuniita tena, na miaka yote hii nilidhani ile sindano inanisubiri.

Hiyo ndiyo siku wivu ulipoacha kuwa wa kuchekesha.

Wiki iliyofuata Ma Anatolia, mwenyekiti wa akina mama pale usharikani kwetu Kamachumu, alishuka mjini akapita dukani kutoa fotokopi za ratiba ya kwaya. Duara langu lilikuwa juu ya kaunta, nusu limepakwa rangi. Ukumbini siku za Jumatano alikuwa hajawahi kuingia, akauliza ni nini. Ningeweza kusema ni mchoro. Ningeweza kusema, hiki ndicho kinachomlaza mama yangu usingizi.

Nikasema: "Ndiyo yale ya Edina. Nasikia asili yake ni dini za huko Asia, wanayatumia kwenye ibada zao. Sijui bwana, mimi nauza karatasi tu."

Si uongo. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Asili yake ni huko kweli, na Edina hajawahi kuficha, wala huko Kamachumu hakuna aliyeabudu kitu zaidi ya kupaka rangi. Lakini nilijua ninamwambia nani. Nilijua pia kwamba kwetu duara likiwa na alama katikati, watu hawasubiri maelezo, wanasema frimasoni. Nilizipanga fotokopi zake vizuri, nikamwambia asalimie nyumbani.

Jumapili ya pili yake, ukumbi ukafungwa mpaka wazee wakae. Hawajakaa hadi leo. Wale wajane wakatawanyika, mmoja akapelekwa kuombewa na wanawe. Mama hakungoja kuambiwa na mtu. Ni Mkristo tangu utotoni, akaona amemkosea Mungu uzeeni. Alizichoma karatasi zake zote jikoni, moja moja, na faili lenyewe akalitupia motoni.

Na ameacha kulala tena. Jumanne zahanati walimwambia Edina presha yake imepanda kuliko hata wakati wa msiba. Edina akanitumia ujumbe, akamalizia na "pole wifi".

Leo asubuhi nimekwenda.

Edina alitoka kunipokea, akapiga magoti pale barazani kwenye sakafu yenye tope, akanisalimia kwa maneno ya heshima ya Kihaya, waitu hii na waitu ile, mikono yote miwili. Ni haki yangu, mimi ni binti wa nyumba ile na ni mkubwa kwa mumewe. Siku nyingine huwa nachelewa kidogo kuitikia ili nifaidi. Leo niliitikia haraka nikapita.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani, hajashika chochote. Kapungua. Akanipa kahawa ya kutafuna, akaniulizia watoto. Nikamwambia Mama, tuvute pumzi kidogo, bila karatasi, hewa haina dini. Akakubali ili kunifurahisha. Akafumba macho, akavuta mara tatu, akayafumbua.

"Dhambi ikishaingia ndani ya kitu, Koku, hakikutulizi tena."

Nilitaka kumwambia haijaingia yenyewe. Nikatafuna kahawa.

Edina alikuwa nyuma ya nyumba anakata majani ya mgomba ya kufunikia ndizi za mchana. Nikamfuata. Njiani nilikuwa nimepanga hotuba nzima, yenye uchovu, biashara ngumu na shetani kunipitia. Nilipofika mdomo ukatoa maneno mawili.

"Ni mimi."

Hakugeuka. Alilimaliza jani lile, akaliweka juu ya mengine.

"Najua, wifi. Ma Anatolia aliniambia siku ileile."

Siku ileile! Yaani ujumbe wa zahanati, ile pole, salamu zote za majuma haya, anajua. Nikamwuliza kama alijua, asubuhi alinipigia magoti kwa nini.

"Mama alikuwa anatuangalia," akasema. Akabeba majani yake akaingia jikoni.

Hakunitukana. Natamani angenitukana, tungekuwa sawa. Nimerudi kwenye gari nimejibanza dirishani, na mpaka tunapita Kemondo nilikuwa namwonea wivu hata kwa hilo. Ningekuwa mimi, kijiji kizima kingejua kabla ya chakula cha mchana. Yeye kameza, na kila siku amemkanda Mama miguu, na jina langu pale nyumbani bado ni safi.

Nilipofika nilimpigia Ma Anatolia. Nikamweleza kwamba nilisema kwa chuki, kwamba yale ni mazoezi ya kutuliza moyo tu, na kwamba naomba anisaidie kuwaeleza wazee. Alinisikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya, alikuwa na hofu ya kweli kwa ajili ya kundi lake. Akasema wazee watanielewa, ila wale akina mama hawatarudi ukumbini kwa barua ya wazee. Watarudi wakimsikia mwenye neno akilirudisha neno lake. Kesho baada ya ibada akina mama wanabaki kikao. Niende nisimame.

Nikauliza kama haiwezekani kusema bila kutaja kuwa ni mimi. Akaniambia kikao kinaanza mara tu ibada ikiisha.

Mama huwa anabaki kikao. Hukaa mbele, kwa sababu ya masikio, na Edina pembeni yake.

Kwa hiyo nimekaa hapa na duara langu mezani tangu magharibi. Nimevuta pumzi alivyofundisha Edina, nne kuingia, sita kutoka. Nimepaka mzunguko mmoja wa kijani. Moyo haujashuka, na nafikiri safari hii hautakiwi kushuka. Utulivu si dawa ya kumsaidia mtu kulala juu ya kosa lake.

Naiona hesabu yangu vizuri kabisa. Nilitaka Mama anipende kuliko anavyompenda Edina. Sasa ili Mama alale, lazima anipende pungufu ya jana. Nikinyamaza nitabaki binti mwema wa mama asiyelala. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu tangu Kemondo, na mimi ni mjanja wa kutafuta njia. Haipo.

Nimepiga pasi gauni la kesho. Gari la kwanza ni saa kumi na mbili. Nitasema nilichosema, niliyemwambia, na kwa nini nilisema, na neno wivu nitalitaja kwa jina lake mbele ya kanga zote zile.

Akina mama siwaogopi, watanisengenya mpaka Krismasi kisha watachoka. Ninachoogopa ni dakika ile nitakapomaliza. Mama atashtuka, na mtu akishtuka hutafuta mkono wa kushika. Najua atageukia upande gani.

Nitasema hivyohivyo.