Jina Lako Linapanda Ndege

Mama,

Shikamoo. Usipoitikia nitajiitikia mwenyewe, maana hata ulipokuwa hai hukuwa na subira ya salamu. Mtu hajamaliza kukuamkia umeshamuuliza kama amekula.

Nimekaa kwenye baraza lako hapa Marangu. Mabegi yamefungwa, na gari la kutupeleka uwanja wa ndege linakuja mchana. Mjukuu wako Aikande yuko uani na baba yake, anafundishwa kupumua. Ndiyo, kupumua! Mwanao Elia anaamini kila penye baridi ni sawa na kileleni, na kwa kuwa kazi yake ni kuongoza watalii mlimani, hakuna wa kumbishia. Amemletea mtoto wa miaka minane soksi za kupandia mlima, glavu za watu wazima na kofia ya kuziba uso mpaka yanabaki macho tu. Akitokea nayo mbele ya maofisa wa uhamiaji tutalala mahabusu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Tunakwenda Norwe, Mama. Mdogo wangu Anitha, yule aliyeolewa huko, amejifungua, na ametutumia tiketi ili Kande akamwone mdogo wake. Nimeona nikuambie mwenyewe, maana safari hii nusura itugombanishe upya mimi na mwanao.

Unakumbuka tulivyokubaliana mimi na Elia tulipoachana. Kande akae na mimi Moshi mjini siku za shule, wikiendi na likizo apande huku kwa baba yake, na asitoke nje ya nchi mpaka sote wawili turidhie kwa maandishi. Tuliyaweka hayo mbele ya afisa ustawi wa jamii, wewe umeketi katikati yetu kama refa. Tulipotoka nje ukasema, "Nyinyi mmeachana. Mimi sijaachana na mtu." Na kweli, Jumamosi iliyofuata mkungu wa ndizi ukashuka mjini kama kawaida, na ujumbe kwamba mtori wangu una maji mengi.

Basi, wiki kadhaa kabla ya sikukuu nilikuja huku na barua ya ridhaa aliyoiandaa wakili. Nilidhani ni jambo dogo: Elia aisome, ashuke mjini asaini, yaishe. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, mpaka kwenye tarehe ya safari. Kidole kikasimama.

"Krismasi?" akasema. "Unamtoa mtoto Uchagani Krismasi?"

Nakuapia, Mama, sikuwa nimeliona. Mimi, binti wa Uru, ninayejua kwamba ikifika Desemba hata mwizi wa Dar es Salaam hurudi kwao kula mbuzi! Nilitazama likizo ya shule tu. Wakati Wachagga wote wa dunia wanapanda kurudi nyumbani, mimi nilikuwa nimepanga kumteremsha mtoto.

Lakini kukiri kosa mbele ya mtu mliyeachana naye ni kazi kuliko kupalilia kahawa. Nikambishia. Nikamwambia anatafuta sababu tu, nikamwambia tutakutana ustawi wa jamii na huko tutajua mbivu na mbichi. Elia hakupandisha sauti. Aliikunja ile barua akanirudishia, halafu akauliza polepole:

"Na fungu la Mama atapokea nani?"

Hii ilikuwa Krismasi ya kwanza wewe hupo. Miaka yote mbuzi akichinjwa hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kabla mtu hajaonja, fungu lako hutengwa na wewe huitwa kwa jina. Na jina hilo sasa analo mtu mmoja tu, yule tuliyempa kwa sababu ndiye binti wa kwanza wa mwanao. Shuleni wanamtania wakimwita Makande, wala hajali, anajua jina ni la nani. Tangu azaliwe Elia hajawahi kumwita vingine zaidi ya "Mama". Mimi nilidhani naomba ruhusa ya kusafiri na mtoto. Kumbe kwake nilikuwa naomba kumwondoa mama yake nyumbani, mwaka uleule aliomzika.

Nikampigia Anitha palepale kwenye migomba. Nilitegemea atalalamika. Akapiga yowe, "Mae! Theluji imenila akili!" kisha akanigeuzia kibao kwamba mimi niliyebaki huku ndiye nilipaswa kukumbuka. Akasogeza safari mpaka baada ya sikukuu, ili turudi kabla shule hazijafunguliwa. Nikamwambia Elia. Hakusema ndiyo wala hapana, alisema tule Krismasi kwanza. Nikabaki na tiketi mkononi, ruhusa sina.

Ungemwona Kande siku hiyo ya Krismasi, Mama. Baba yake mdogo akaita kwa sauti, "Aikande!" Mtoto akainuka na gauni lake la kanisani, akanyoosha mikono miwili, akapokea. Mimi nilifikiri atakaa ale. Akaanza kuzunguka akiwamegea majirani, vilevile ulivyokuwa ukifanya wewe, na wa kwanza kumpa akawa yule bibi wa jirani mliyekuwa mkigombania maji ya mfereji miaka nenda miaka rudi. Bibi wa watu akacheka huku analia. Elia akaingia jikoni, akatoka na macho mekundu, akasingizia moshi.

Ofisi zilipofunguliwa alikuja mjini bila kuitwa, amechomekea shati. Wakili akamuuliza kama anasaini kwa hiari yake. Akasema ndiyo, halafu akanigeukia.

"Mama Kande, Norwe hainitishi. Naogopa kuwasindikiza halafu nirudi kwenye nyumba ile, hakuna ninayemwita mama."

Akasaini. Wakili naye akashindwa kuona muhuri wake ulipo, wakati ulikuwa mbele ya pua yake. Mama, tumeachana na hatutarudiana, na tafadhali usianze kuombea jambo hilo huko uliko, nakujua. Ila siku ile nilimheshimu mwanao kuliko nilivyomheshimu siku ya harusi, na nikamkumbuka aliyemlea. Nimekukumbuka sana, Mama. Kuna siku nashika simu nikuulize mtori unawekwa nini kwanza, nyama au ndizi, na jibu ninalo.

Gari limefika, dereva anapiga honi kana kwamba ndege ni yake. Elia amepiga goti uani anamfunga mtoto zipu ya koti. Nimemsikia akimuuliza, "Mama, utarudi kweli?" Na Kande, uso wote umezibwa na ile kofia, amemjibu, "Nitarudi, mwanangu. Wewe kula vizuri."

Sijui kama alitania. Elia hakucheka.

Basi nakuaga, Mama. Pale ulipolala nimepalilia, na maua ameyapanda Kande mwenyewe, yamepinda kidogo, yavumilie. Barua ya wakili inasema mtoto atarejeshwa kwa baba yake kabla ya shule kufunguliwa. Wakili ameandika anavyojua yeye. Mimi kwako naahidi hivi: nitamrudishia mwanao mama yake.

Mkweo,
Mama Kande