Dakika Ine mu Mulandi

Kapata, Kolwezi
Tarehe 11 Mei 2025

Mpendwa mudogo yangu Tharcisse,

Jambo sana, we na bibi yako Laure na batoto. Natumaini baridi ya Charleroi imekwisha na magoti yako hayaumi tena. Siye huku tuko bazima. Mvua imekatika, asubui kuko baridi, na Polycarpe bwana yangu amerudia koti yake ile ya zamani. Mama yetu Agnès iko muzima kule Kayombwe. Anavuna mihindi na kulalamika, basi ujue afya iko. Anauliza kama Ulaya kumekosa magari, mpaka mutu wa diplome apande kinga, baiskeli, kwa furaha.

Kwanza niseme kile kinaniuma, kisha tuendelee vizuri. Uliandika mu groupe ya familia kama unafika tarehe 14 Juni, na kesho yake unataka kupanda kinga kutoka hapa mpaka kwa Mama, vile unafanya kila Siku ya Mungu mu tunjia twa mashamba ya kule Ubelgiji. Nilifurahi sana. Lakini ni Papy uliomba akutafutie njia. Papy mutoto wa mama mukubwa, mwenye hajapanda kinga tangu mwaka 2009. Mi niko na miaka 17 napeleka mikate na kinga mu bijiji. Nilianza na kinga moja ya kuazima na mikate 30. Leo niko na kinga ine na mikate 420 kwa siku, na hakuna mutu alinisukuma. Na we unauliza mwenye telefone.

Papy alichora mustari juu ya goudron, ile njia kubwa ya lami, kilometre 19. Nilienda kusimama kando ya ile goudron, toka saa moja mpaka saa mbili ya asubui. Makamyo 64 yalipita, na mawili tu yalipunguza mwendo. Mwenye kinga kule anaendesha na vumbi mu kinywa na sala mu roho. Sitaki uvuke bahari salama uje kufia ku mulango.

Njia yangu ni ingine. Unatoka Kapata nyuma ya nyumba za mwisho, unafuata mikaratusi, halafu ni udongo mwekundu wenye kukazana, mihindi kuume, mihogo kushoto, na bichuguu birefu kupita nyumba, na miti imeota juu yake. Milima ni itatu tu, na mukubwa haupite metre 600 za kupanda. Ku kadaraja ka miti, bamama banalobeka mihogo mu maji. Harufu itakupokea mbele yao. Unaweza kwenda nusu saa husikie kitu, ni chaîne ya kinga yako, ule munyororo, na ndege tu. Mataili yako membamba uyaache kule. Leta ya upana wa milimetre 35, sababu kuko metre 1200 za muchanga.

Nilitaka kukupa hesabu ya kweli, si ya telefone. Nilifunga kitambaa chekundu ku rayon moja, spoki ya gurudumu, nikajaza mbegu za mihindi mu mufuko wa kuume. Kila mizunguko 100, mbegu moja inahamia mufuko wa kushoto. Gurudumu yangu, muzunguko moja ni metre 2 na centimètre 20. Nilitoka siku ya posho, Jumamosi tarehe 3, mapema asubui. Nilifika kwa Mama na mbegu 106: kilometre 23 na metre 320, saa moja na dakika 41. Nilikuwa nimeapa mbele ya Papy kama nitafika chini ya saa moja na dakika 45. Alicheka, akaniita Mama Chronomètre, mama wa kupima dakika.

Sasa sikia, sababu ile dakika 41 iko na haya ndani.

Mu kijiji ya Mulandi, kilometre ya 9, niliona matawi juu ya njia, moto mbele ya nyumba, na batu bamekaa chini. Unajua vile tulifundishwa: mbele ya kilio, mutu anashuka ku kinga, anasukuma, anasalimia. Hata mulevi anashuka. Mi nilikuwa nahesabu, sitini, sitini na moja. Niliangalia saa, nikapita nimekaa juu ya kinga. Na kama ningeshuka na kusukuma, gurudumu ingezunguka vile vile, hesabu haingepotea. Nilichunga dakika ine zisipotee, basi.

Niliporudi saa nane, bijana balikuwa bameweka muti mukubwa juu ya njia. Baliniambia kwa adabu, mama wa mikate apite goudron. Nikauliza ni kilio ya nani.

Ni ya muzee, tata Ngoyi. Tharcisse, tata Ngoyi wetu, fundi wa kinga. Ule mwenye alikufundisha kupanda, akikushika ku kiti na kukimbia nyuma yako mpaka anakohoa. Ule mwenye aliniazima kinga ya kwanza. Miaka yote hii nilisimama kwake kila asubui, hata wakati kinga haina ubaya. Alikufa usiku, na mi asubui ile, sababu ya hesabu, sikuangalia hata ni mulango wa nani.

Kazi moja, Jumatatu, nilienda kwa miguu, na mikate 60 ku kichwa. Nilikaa chini na bamama benzangu, nikaosha masufuria. Mama Mushiya, bibi ya tata Ngoyi, hakunisemesha mpaka katikati ya muchana. Halafu akaniambia polepole:

"Adolphine, tata alijua sauti ya chaîne yako. Akiisikia tu, anasema, ule ni wa mikate, mumutolee kiti. Siku ile tuliisikia, siye bote. Tukasema, sasa anashuka. Ukapita unahesabu."

Nilisema tu, nimefanya vibaya.

Kisha Mama Mushiya akauliza kama ni kweli Tharcisse anarudi. Nikasema ndiyo. Akasema kilio itamalizika tarehe 15 Juni, na ule muti utaondoka ku njia siku tutakuja siye babili, tukisukuma kinga, tukae mpaka batu bamekula bukari, ule ugali wa kumaliza kilio. Mpaka siku ile, mikate ya bijiji bitatu inapita goudron, kati ya makamyo. Naipeleka mi mwenyewe. Sitaki mutumishi wangu alipie dakika zangu.

Najua uliandika kama unataka kufika kwa Mama bila kusimama, na kupiga video. Haitawezekana. Pengine tutafika magaribi, na Mama atasema Ulaya imekufundisha uvivu. Papy anaweza kukupeleka na jeep yake, dakika 40, na hakuna mutu atakulaumu.

Lakini wakati nilisimama kuaga, Mama Mushiya alinishika mukono, akauliza, "Atashuka, ao atapita kama we?"

Nilimujibu, "Atashuka, mama."

Nimetoa neno yako bila kukuuliza. Unisamehe, na unijibu mi mwenyewe, si mu groupe.

Salimia sana Laure na batoto. Mama, Polycarpe, binti yetu Abigaëlle mwenye anajitayarisha kwa examen d'État, ule mutihani wa kumaliza masomo, na hata Papy, bote banakusalimia. Mungu akuchunge mu ndege na mu njia, akufikishe muzima mbele ya macho yetu.

Ni mi mukubwa wako, mwenye kukupenda kupita vile anagombana,

Adolphine