Friji Limerudi Kutoka Nyakato

Jumamosi. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua imegoma kushuka. Hapa Pasiansi jasho linanitoka hata nikiwa nimekaa.

Friji limerudi. Ningepaswa kufurahi.

Nianze na mama. Mama anaishi kwa sindano za sukari, na kichupa cha dawa kinataka baridi. Tangu friji lilipokufa nimekuwa nikikifunga kwenye nailoni na kukizamisha kwenye mtungi wa maji. Wiki iliyopita mama alianguka jikoni. Nesi akasema dawa ilishaharibika kwa joto, nilikuwa namchoma bure. Tangu siku hiyo kila nikishika sindano nakipapasa kichupa kwanza.

Mafundi siwaamini. Tangu iwe ruksa kuleta vitu kutoka nje, kila nyumba ina friji la mtumba, lakini wanaojua kulitengeneza ni wa kuhesabu, nao wanajijua. Friji linaingia kwao na viungo vyake, linatoka na vya mwenzake. Ndiyo maana wanawake wa mji huu hatupeleki kitu kwa fundi kabla ya kukipaka rangi ya kucha mahali pa siri. Langu nililitia nukta nyekundu kwenye kompresa, ile mashine nyeusi ya mgongoni, ndipo likapandishwa mkokotenini.

Fundi Masalu wa Nyakato ana upole unaonitia wasiwasi. Kila nikienda kuuliza ananivutia kiti. "Keti, mwalimu. Spea iko njiani, inatoka Nairobi." Wiki tatu iko njiani. Kwani inakuja kwa miguu? Nilimkazia macho nione kama atakwepa. Hakukwepa, na hilo nalo nikalitilia shaka.

Leo nimefika bandani kwake nikakuta friji linanguruma. Badala ya kushukuru nikazunguka nyuma, nikainama. Nukta yangu haipo.

Niliwaka. Nikamwita mwizi, nikamwambia siku za mwizi ni arobaini. Masalu akaweka bisibisi chini. Aliingia chini ya meza akatoka na kompresa iliyoungua, nukta yangu nyekundu juu yake.

"Yako hii hapa, mwalimu. Si tulikubaliana nibadilishe?"

Tulikubaliana, kweli. Miaka yote hii nafundisha watoto hesabu, na sikuwaza kwamba kitu kikibadilishwa kinaondoka na alama yake. Nikainama tena kuficha aibu, nikijifanya nakagua kazi. Ubavuni mwa ile kompresa nzima iliyofungwa kwenye friji langu kulikuwa na mstari mdogo wa kijani.

Rangi ya kucha.

Nikainua macho. Safari hii Masalu alikwepa.

"Ulisema mama yako yuko hatarini," alisema taratibu.

Nikaagiza friji lipakiwe.

Nje ya banda, kwenye benchi, alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanivuta karibu. Anauza barafu Butimba, amekaa bila kazi wiki ya nne, na yeye ameambiwa spea inatoka Nairobi.

"Nimekusikia unamfokea, mwanangu. Kumbe ni mwizi?"

Alinishika mkono akingoja jibu. Kucha zake zilikuwa za kijani, zimebanduka kidogo kwenye ncha.

"Hapana, mama," nikasema. "Nilikosea mimi. Ni mwaminifu."

Akashusha pumzi. Akasema basi atavumilia.

Nimetembea nyuma ya mkokoteni kutoka Nyakato na sikumbuki njia. Nimekuwa nikiogopa kuibiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba sikuwahi kujiuliza ningefanya nini nikiletewa cha wizi nyumbani, kikiwa ndicho hasa ninachokihitaji.

Dawa mpya iko ndani, kichupa ni cha baridi mkononi. Mama amechomwa, amekula ugali na sato, amecheka. Amemwombea fundi baraka. Nikaitikia amina, kwa sauti.

Yule mama nikimwambia ukweli atakuja kuchukua kilicho chake, na ana haki. Jumatatu vipindi vyangu vinaisha saa nane, na Butimba si mbali. Nitakwenda? Najiuliza, na kila baada ya mstari nasimamisha kalamu nisikilize kama linanguruma bado.