Moshi wa Ubani Ndani ya Kompyuta ya Baba

Kericho,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Kwako kakangu Athumani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mikono miwili, na ukiipokea kwa mmoja si kitu, ndivyo nilivyostahili. Vipi mgongo wako? Shemeji hajambo? Watoto je? Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya Kericho haina adabu, haibishi hodi. Navaa soksi mbili mbili, na juu ya sweta najitanda leso ya mama, hata majirani wananitazama kama mtu mwenye homa.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi zama hizi. Ningekupigia simu, lakini naogopa hutaipokea, na ukiipokea nitalia kabla sijasema. Tena kuna sababu nyingine, utaiona mwisho. Usirukie huko. Soma pole pole kama baba alivyotufundisha kusoma barua za watu, neno kwa neno.

Nianze na lililo zito. Miezi minne iliyopita nilikupigia nikakuita mwizi. Nilisema umeichomoa memori nzuri ya kompyuta ya baba ukanitilia mbovu. Ukaniuliza, "Waniita mwizi, Rukia?" Nami nikakujibu, "Jina ni lako, mimi nimelitamka tu." Ukasema, "Sikiza, fungua huo ubavu wa..." nami nikakata simu. Siku hizo nilijiona nimekukomesha. Mama ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mlikuwa mnakula chakula cha mchana, mikono imo walini, na simu ulikuwa umeiweka sauti ya juu. Wanao wote walimsikia shangazi yao akimwita baba yao mwizi. Athumani, tangu nilipoambiwa hilo wali haunipiti vizuri.

Na bado sikukutafuta. Idd ikaja, ikapita. Ndiyo Idd ya kwanza maishani mwangu hukunipa mkono wa Idd. Kisha nikasikia kwa mama, si kwako, kwamba Mwanamisi wako anaolewa. Mtoto niliyembeba mgongoni, naambiwa harusi yake kama jirani. Nilikasirika kwanza, maana mimi unanijua, hasira kwangu haichelewi. Halafu nikajiuliza, uliyemwita mwizi atakualikaje?

Sasa nikueleze ilivyokuwa, ili ujue sikuamka tu nikakusingizia.

Unakumbuka ulivyoifunga mashine ile mwenyewe? Ulikata godoro kuukuu vipande vipande, ukaizungushia, juu ukaifunga kanga ya mama, ukanisindikiza nayo mpaka stesheni Miritini. Mabegi yangu ulimwachia hamali, lakini kompyuta hukumwachia mtu. Nilipofika huku na kuanza kazi ya ukarani katika ushirika wa wakulima wa chai, jambo la kwanza nililofanya chumbani ni kuiweka mezani na kuiwasha. Nilitaka kuziona kazi za baba. Ndani yake zimo kadi za harusi za nusu ya Likoni, na barua zote alizowaandikia watu pale kibandani kwake mbele ya nyumba yetu, katikati ya kinyozi na yule mama wa viazi karai. Nilitamani hata kuyaona makosa yake ya chapa.

Ikawaka. Ikaonyesha ile alama ya kwanza, vile vidoto vikaanza kuzunguka, moyo ukafurahi. Mara kiza. Ikajiwasha tena yenyewe, alama, vidoto, kiza. Niliiacha ifanye hivyo mara tisa, kila mara nikiiambia bismillahi. Nikabadilisha soketi nikidhani ni stima. Nikachomoa kila waya usiohitajika. Nikaifungua, nikaitoa memori nikaisugua meno yake kwa raba ya penseli, kama baba alivyokuwa akifanya, nikairudisha. Alama, vidoto, kiza.

Ni pale nilipoishika ile memori mkononi ndipo shetani aliponiingia. Ilikuwa nyeusi. Na mimi naijua memori ya mashine ile, kaka. Siku baba alipoiongeza alinipa mimi niisukume mpaka ilie "ta!", na ilikuwa ya kijani, kijani cha mchicha. Nikajisemea, hii si yetu. Nani mwingine aliyekuwa nayo tangu baba afariki? Ni wewe peke yako. Hapo ndipo nilipochukua simu.

Basi nikaifunga, ikakaa pembeni miezi yote hiyo, juu yake naanika soksi. Lakini mwezi uliopita, asubuhi moja ya ukungu, niliiwasha kwa kujaribu tu, ikaenda mbali kuliko siku zote. Ilifika mpaka kwenye ukurasa wa kuingilia, jina la baba nikaliona limeandikwa, kisha ikazima. Mchana nikajaribu tena, haikufika hata kwenye vidoto. Kesho yake vivyo hivyo, asubuhi mbali, mchana karibu. Nikaona hii inaumwa na joto. Jumamosi nikaipakia kwenye bodaboda, nimeikumbatia, nikaipeleka kwa fundi.

Fundi mwenyewe ni mama wa makamo, Mama Chepkoech, ana kibanda nyuma ya soko, anatengeneza mashine huku miwani imemning'inia puani. Aliifungua yote, mpaka nisipopafikia mimi, ile feni ndogo iliyokaa juu ya ubongo wa mashine. Alipoing'oa ile feni alirudi nyuma kidogo, akanusa, akanusa tena.

"Mama, hii mashine imetoka wapi?"

"Likoni, Mombasa."

"Mbona inanuka kama kanisa ya Wakatoliki? Mlikuwa mnafanyia misa ndani?"

Nikacheka, nikasogea. Athumani, wallahi, harufu ilinipiga nikashika meza. Ubani. Ubani na udi na makaa, nyumba yetu yote ilinijia usoni, na ile alasiri ya Ijumaa, baba ametoka msikitini na kanzu yake, mama anapepea makaa uani. Nilisimama kibandani kwa watu nikilia na Mama Chepkoech akadhani nalilia mashine. "Usilie, haijakufa," akaniambia, "imeshindwa kupumua tu."

Akanionyesha. Zile mbavu za bati chini ya feni, ambazo upepo unatakiwa kupita katikati, zilikuwa zimezibwa na kitu cheusi kinachonata, vumbi na moshi vimekaa miaka mpaka vimekuwa utando. Feni inazunguka lakini hewa haipiti, joto likipanda mashine inajizima isiungue. "Moshi gani huu?" akauliza. Nikamwambia. Akastaajabu. "Yaani nyinyi mnafukizia kompyuta?"

Ningemwambia nini? Kwamba baba alikuwa akisema mashine ile ina macho mengi juu yake, kila anayepita kibandani anaitamani, na kitu chenye macho mengi lazima kifukizwe kisiingiwe na husuda? Unakumbuka alivyokuwa akiita, "Rukia! Chetezo!" nami naitika "Abee baba!" nakuja nacho mbio, makaa na ubani ndani, cheche zinaruka, na mama nyuma yangu anapiga kelele nitaunguza nyumba. Baba alitaka nikizungushe mara tatu tu na kukitoa. Lakini mimi, na hili sikumwambia mtu mpaka leo, mimi nilikuwa nikikiweka nyuma ya mashine, chini kabisa, nakiacha pale mpaka makaa yazime. Nilipenda kuona ile feni ikiuvuta moshi kwa mbele na kuutoa kwa nyuma, kama mzee anayevuta kiko. Kila Ijumaa, miaka. Baba alidhani nimekitoa. Wewe ulikuwa bandarini kazini, hata hukuwepo.

Kwa hiyo aliyeiharibu kompyuta ya baba ni mimi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kisha nikakuita wewe mwizi mbele ya watoto wako.

Na ile memori? Mama Chepkoech alichukua pamba, akaitia spiriti, akaipangusa. Alipopangusa mara ya kwanza pamba ikawa nyeusi. Ya pili, ya tatu. Kisha ikatokea kijani. Kijani cha mchicha. Nilimwomba anipe niishike, nikaishika.

Jana nikampigia mama nikamuuliza, mbona kule Likoni ilikuwa ikifanya kazi? Mama akaniambia, "Athumani si aliiacha ubavu wazi miaka yote tangu baba yenu afariki, akaielekezea feni ya meza? Wewe hukuona?" Sikuona. Ulifunga ule ubavu siku ya safari tu, isije ikaumia njiani. Ndilo ulilokuwa ukitaka kuniambia siku ile, fungua ubavu. Dawa ulikuwa nayo mdomoni, nami nikakukatia simu.

Sasa inawaka. Mama Chepkoech alizisafisha zile mbavu kwa brashi ya meno, akapaka dawa nyeupe ya kupunguza joto chini ya feni, akairudisha. Alama, vidoto, nikafumba macho, nilipofumbua nikakuta picha ya kivuko ambayo baba aliiweka. Kadi ya kwanza niliyoifungua ni ya harusi yako. Baba amekosea jina la ukumbi, na chini, kwenye orodha ya wanaowakaribisha wageni, baada ya wajomba na mashangazi wote, ameandika "na Bi Rukia, dada wa bwana harusi." Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuniheshimu hivyo kwa ajili yako.

Sikuombi kadi ya Mwanamisi. Naomba radhi. Na watoto, naomba uwasomee ile sehemu ya chetezo kwa sauti ya juu, kama walivyonisikia siku ile, wajue nani ni nani katika nyumba yetu. Ukishawasomea, hata usiponisamehe, mimi nitalala.

Mpe mama mkono wangu, umwambie leso yake inafanya kazi ya blanketi. Msalimie shemeji, na mama mkwe wako aliyekuwa akinipa kaimati za kwanza kutoka karaini. Msalimie mjomba kinyozi pale jirani na kibanda, umwambie huku hakuna anayejua kunyoa akipiga soga kama yeye. Na Mwanamisi, mwambie shangazi yake anamwombea dua, basi, usimwambie zaidi.

Sasa ile sababu ya kuandika. Ndani ya bahasha hii pana kijikaratasi nimekikunja mara nne. Usikifungue penye upepo. Ni ule weusi uliotoka kwenye mbavu za mashine, Mama Chepkoech alitaka kuutupa nikamzuia. Simu haiwezi kuleta harufu, na mimi sikutaka uamini maneno yangu, maana maneno yangu umeshayaona. Kiweke kiganjani, kipashe joto kidogo, unuse.

Ukiipata harufu ya baba humo, nipigie. Huna haja ya kusema jambo lolote. Uniite jina tu, kama alivyokuwa akiniita yeye, nami nitaitika abee.

Nduguyo, mshika chetezo,
Rukia