Kwa Nyale, Kuhusu Kiwanja cha Baba

S.L.P. 61,
Garsen.
8 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Nyale,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, nikitumai barua hii itakukuta mzima na kwamba ule mgongo umeacha kukusumbua. Kulinda mlango wa watu mchana kutwa na jua la Doha si mchezo. Je, siku hizi wanakupa walau kiti? Na unakula? Kwenye ile picha uliyotuma shingo imekonda, na Mama aliitazama mpaka akaniuliza kama huko kuna sima. Nilimwambia ipo, kwa hivyo akikuuliza na wewe sema ipo.

Huku tunashukuru, tunaendelea. Mama anaona vizuri kwa jicho moja, lile jingine ni la kuona mwanga tu. Mahindi ya shamba la mtoni yalikauka yakiwa yamefika magotini, na joto la mwezi huu wewe walijua. Wanangu wanaenda shule, na shemeji yako bado yuko na boda yake.

Barua hii anakuletea Tom, mtoto wa Mwalimu Zadock, anayekuja huko kutafuta riziki. Mpokee vizuri. Nimeona niandike kwa sababu haya siyawezi kwa simu. Mama hukaa karibu akisikiliza, kisha mtandao hukatika pale pale pabaya.

Ujumbe wako wa Krismasi niliupata. Unasema mkataba unaisha Agosti, unarudi nyumbani kabisa, na unataka kujenga vyumba kwenye kiwanja cha Baba na baraza ndefu mbele, ili majirani wakae kama zamani. Niliusoma nikacheka, kisha nikaenda jikoni nikalia. Hiyo baraza atakaa nani? Nakwambia wazi, usinunue hata msumari. Ukirudi, kiwanja hicho hakitakuwa chetu, na mtaa unaoukumbuka haupo.

Uliuacha mtaa wetu wa nyuma ya soko ukiwa mchanganyiko kweli kweli. Ubavuni kwetu bibi Qabale na ng'ombe zake, Muorma wa watu. Nyuma, Mwalimu Zadock, Mpokomo. Kulikuwa na fundi cherehani Msomali, na yule Mluo wa samaki aliyekuwa akiimba asubuhi mpaka Baba anamrushia kandambili. Na sisi Wagiriama tuliokuja kulima tukaota mizizi. Mtoto akichapwa na mamake alikimbilia nyumba yoyote iliyo karibu. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza, kila mtu na lafudhi yake, lakini kilitosha watu kugombana na kupatana kabla jua halijatua.

Sasa ukishuka stendi huna haja ya kuuliza. Upande wa msikiti, ambako kiwanja chetu kimeangukia, ni Waorma, Wardei na Wasomali. Upande wa kanisa, ng'ambo ya barabara ya lami, ni Wapokomo, sisi, na watu wa bara. Hata kinyozi watu huchagua kwa kabila, na shemeji yako hakubali kumpeleka abiria upande wa msikiti jua likishatua. Hakuna mtu aliyetangaza. Tangu vile vita vya wakulima na wafugaji watu walikuwa wakihama mmoja mmoja kwa adabu kabisa, huyu akisema anafuata shule, huyu anafuata maji. Mafuriko yalipokuja tukapewa mahema kule juu, na kila kabila likachagua safu yake. Maji yalipopungua, wengi walirudi mjini wakajipanga vile vile walivyokuwa kwenye mahema.

Nikueleze na ya matanga ya Baba, maana kwa simu nilikufupishia. Wajua desturi ya mtaa wetu, kwamba mnyama wa shughuli, hata awe wa Mkristo, huchinjwa na jirani Mwislamu, ili sufuria iwe moja na kila mtu ale. Kwetu mchinjaji alikuwa Issack, mtoto wa Qabale. Ndiye aliyechinja kwenye harusi yangu, ndiye aliyechinja siku tulipokuaga. Baba alipofariki, Issack alileta fahali wake mwenyewe, akamfunga kwenye mwarobaini wetu, akasema atamchinja akitoka swala ya alfajiri.

Basi binamu yetu Baya alikuwa ameshafika kutoka Ganze. Kule ni Wagiriama watupu, mwenye kisu ndiye mchinjaji. Akaamka mapema, akaona fahali, akaona wanawake wanawasha moto, akasema ngoja asaidie kazi. Issack anaingia uani na kisu chake amekifunga kitambaa, anakuta ngozi imeshatandazwa. Aliosha mikono tu, akaenda kukaa na wanaume.

Chakula kikapakuliwa. Majirani Waislamu walikuja wote, Nyale, hakukosa hata mmoja, na mikono yao ilibaki mapajani. Mwenye fahali hakuonja fahali wake. Qabale alikunywa maji, akasema eti tumbo halimkai sawa. Mama, na msiba ule, akaagiza mbuzi atafutwe upesi, Issack akamchinja, nyama ikapikiwa nyumbani kwa Qabale. Tukawa na sufuria mbili, na waombolezaji wakagawanyika kuzifuata. Baya alijuta mpaka machozi. Issack akamwambia, "Ami, ni chakula tu." Lakini tangu siku ile sijaona tena sufuria moja. Harusi ya Charity, binti wa Mwalimu, ilikuwa na mbili. Zilizofuata za wenzetu wa msikiti hawakutualika, na sikuwalaumu, maana kumwalika mtu ambaye kwake unapikiwa kando ni taabu.

Usimkasirikie Baya. Mtaa uliokuwa mzima ungemcheka wiki moja, ungempa jina la utani, yakaisha. Wetu ulikuwa unangoja kisingizio.

Baada ya hapo Mwalimu alihama, na wengine wakamfuata, Mama akabaki peke yake katika watu wa kanisa. Vijana aliowauzia mahamri wakiwa hawajaota meno wakaanza kuulizana mbele yake, "Huyu mama ni wa nani?" Upande wetu nao hawakuwa na haya. Wanawake wa kanisa waliacha kumtembelea, wakisema kule ni kwao. Sasa siasa zimeanza mapema, na kila jioni gari lenye vipaza sauti hupita likitufundisha mji huu ni wa akina nani. Mama hulala na viatu miguuni. Ukimwuliza, anasema miguu inapata baridi. Baridi ya Garsen, Februari.

Issack ndiye aliyekuja kwangu, na hakuja kwa ubaya. Ana nyumba upande wa kanisa, aliijenga zamani, na yeye naye hawezi tena kukaa huko. Alisema, "Dada Nyevu, tubadilishane nyumba kwa nyumba. Mimi niwe karibu na mama yangu, na nyinyi muwe na watu wenu." Tulikunywa chai, tukakubaliana. Ndivyo wanavyofanya wengi siku hizi, hakuna matusi wala panga, na kila mtu anamsaidia mwenzake kubeba kitanda. Mimi nimechukia, Nyale, tena nimechukia sana. Afadhali tungegombana, maana ugomvi una wazee wa kuusuluhisha. Upole huu atausuluhisha nani?

Najua mawazo yako yameshafika kwenye kaburi. Ndiyo, Baba yuko pale pale uani, chini ya dirisha la Mama, kama ilivyo desturi yetu, na kaburi halibebwi. Issack ameahidi kulizungushia ua ng'ombe wasilikanyage. Namwamini. Lakini ana watoto, na watoto wake watakuwa na watoto, na hao Baba watamjulia wapi?

Nilidhani Mama atagoma. Hakugoma. Aliuliza jambo moja tu, yeye akifa atazikwa wapi. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua atazikwa kwenye kiwanja kipya, kwa sababu siku hiyo hakuna wa kutuhakikishia kwamba tutaweza kuvuka na jeneza. Tangu usichana wake amelala ubavuni kwa mume wake, na sasa barabara ya lami itapita katikati yao. Alisema sawa, akaendelea kuchambua mchele. Qabale alikuja kumsaidia kufunga vyombo, na wale vikongwe wawili wanaojua kupiga domo mchana kutwa siku hiyo walihesabu vijiko tu.

Tunahama Jumamosi. Watu hunipoza eti yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeyatazama hayo yajayo na sioni pa kushika. Ukipata nafasi ya kuongeza mkataba, ongeza. Si kwamba hatukutaki. Ni kwamba sina nyumbani pa kukuitia.

Mama anakusalimu sana na anasema uvae sweta humo ndani mwenye mashine za baridi. Shangazi Zipporah anakusalimu, na Levi wangu anaulizia mpira. Baya naye anakusalimu, ila kwa aibu. Qabale aliposikia nakuandikia aliniambia nikutajie jina lake, basi nimekutajia. Nawe utusalimie Tom akishatulia, na wenzako wa chumbani.

Ukija Agosti, najua kitu cha kwanza utakachotaka ni kumwekea Baba mchanga kaburini, kwa sababu hukumzika. Nakuomba usiende peke yako. Vijana wa pale hawakujui, na wewe una hasira za haraka. Pita kwangu kwanza. Nitampigia Issack simu nimwulize kama kunafaa, nitakupeleka mchana kweupe, na tukifika langoni kwetu tutapiga hodi, tungoje kukaribishwa.

Mungu wa Baba akufunike huko ugenini, na huku kwetu pia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata utakaponinunia,

Nyevu Kiti