Kabula Ndiye wa Kwanza, Shangazi

Mpendwa Shangazi,

Kwa hiyo Kabula ndiye wa kwanza. Ulisema hivyo tangu siku ya kwanza, mimi nikabisha miaka minne mizima, likizo baada ya likizo. Sasa nimekaa hapa Bariadi kwenye kigoda cha nyumba yangu mwenyewe (bado napenda kuyaandika maneno hayo, nyumba yangu) nikikuandikia kwamba nilikosea. Tena si kidogo. Nilikosea kuanzia juu mpaka chini.

Mwangaluka, Shangazi. Ni asubuhi, Masanja amekwenda kazini, na nusu ya chai yake bado ina joto kwenye kikombe kwa sababu kila siku anaondoka akikimbia, na kila siku anarudi kutoka njiani kuja kuniaga mara ya pili. Habari zake utazisikia, huwezi kunizuia. Lakini Kabula kwanza.

Unakumbuka mkoba ulivyofika. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari Maswa, na wewe ukasema mtoto wa sekondari hawezi kubeba madaftari kwenye mfuko wa nailoni kama anayepeleka dagaa. Ukaenda mnadani na majogoo wawili, ukarudi na mkoba wa kahawia kutoka kwenye mitumba, kishikizo kimoja kimekatika. Ndani walikuwa wameshindilia jarida la Kizungu ili mkoba usipoteze umbo. Ulitaka kuliwashia moto. Nikalichungulia, nikaona wanawake wameshika fimbo nyembamba za chuma, wamezungusha viuno kama wanaocheza ngoma, na nikakuomba uniachie.

Ule mchezo hatukuujua. Niliporudi likizo ya kwanza nilikuwa na kamusi na kiburi cha kidato cha kwanza, nikakusomea polepole tukiwa tumekaa kwenye mkeka uani kwako Zagayu, tunachambua pamba, safi kulia kwako, fifi, ile iliyochafuka, kushoto kwangu. Nikakueleza kwamba mchezo unaitwa gofu. Unapiga mpira mdogo kama ndimu, unaufuata, unaupiga tena, mpaka uingie shimoni. Na hawa wanawake saba wanalipwa kwa kazi hiyo. Ukaniuliza kama hawana mashamba. Nikasema jarida halijasema.

Mwandishi wa jarida alikuwa anauliza jambo moja tu: kati ya wanawake hodari wa gofu ambao hawajawahi kuchukua hata kikombe kimoja kikubwa, nani hodari kuliko wote? Lakini ukurasa wa majibu ulikuwa umechanwa. Tulibaki na picha saba, na chini ya kila picha maelezo machache na namba ya mapigo yake kwa mchezo mmoja. Majina yao yalitushinda kutamka, ukawabatiza mwenyewe. Limi, kwa sababu alikuwa amekunja uso kwa jua. Milembe, kwa sababu uso wake ulikuwa umetulia. Na Kabula, yule mwembamba mwenye viatu vilivyochoka, kwa sababu picha yake ilipigwa mvua inanyesha.

Basi tukaamua kuwapanga sisi wenyewe. Nikachukua namba zile kama mwanafunzi mwema wa hesabu. Limi alikuwa na sabini na nne, nikampa nafasi ya kwanza. Kabula alikuwa na sabini na moja, namba ndogo kuliko zote, nikamweka wa saba. Nani asingefanya hivyo? Mwenye magunia mengi ndiye mkulima hodari, na mwenye maksi nyingi ndiye anayepewa zawadi.

Wewe ukalichukua jarida, ukalisogeza mbali na macho, ukamtazama Kabula muda mrefu. Ukasema huyu ndiye wa kwanza.

"Ana sabini na moja tu, Shangazi."

"Mtazame kisigino. Huyu ukimpa jembe, jioni hachoki. Huyo Limi wako analima kwa mabega, saa nne yuko kivulini anaomba maji."

"Namba zinasema Limi."

"Namba hazilimi, ng'wanawane."

Uliponiita mwanao kwa Kisukuma hivyo, nilijua mjadala kwako umekwisha. Kwangu haukwisha. Kila likizo nilikuja na hoja mpya, na kila likizo ulichambua pamba yako unanisikiliza, unacheka kwa pua. Orodha niliiandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa, Limi juu, Kabula chini. Hukunikataza kuiandika, ila ulisema wino mwekundu ni wa walimu wanaokosea.

Kuna siku moja ambayo sijakuambia kwamba naikumbuka. Uliniuliza, kama wanawake hawa ni hodari kiasi hicho, kikombe kiliwashindaje? Nikakusomea. Mmoja aliugua wiki ya mashindano. Mwingine, upepo. Na Kabula mpira wake wa mwisho ulitembea vizuri kabisa mpaka kwenye ukingo wa shimo, ukasimama hapo. Mikono yako haikuwahi kusimama kwenye pamba, siku hiyo ilisimama. Ukasema kwa sauti ya chini, "Ulisimama mlangoni." Kisha ukaendelea kuchambua, na mimi, mjinga wa miaka kumi na sita, nikafungua ukurasa mwingine.

Sasa nina wiki sita tu za ndoa, na tayari wanawake kisimani wananitazama tumbo kabla hawajanisalimia. Ndiyo maana siku ile imenirudia. Nimekumbuka wanavyosimulia ulivyorudi kutoka kwa mume wako kabla mimi sijazaliwa, bila mtoto, ukajenga nyumba yako pembeni mwa shamba la Baba. Nimekumbuka nilivyoletwa kwako nikiwa darasa la nne Mama alipojifungua mapacha, ukanipokea kama mtu aliyekuwa ameshatandika kitanda. Hukuniambia lolote kuhusu mlango wako. Mimi nami sikuuliza.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika, ingawa nimezunguka kwa sababu ninaogopa.

Siku walipokutana kupanga harusi, mimi nilikuwa ninapeleka chai. Nilisikia yote. Baba alisema wewe ndiwe utakayenishika mkono kunitoa nyumbani na kunikabidhi, kwa kuwa ndiwe shangazi mkubwa, tena umenilea. Baba mkubwa akakataa. Alisema bibi harusi ashikwe mkono na mwanamke aliye kwenye ndoa yake na mwenye watoto, ili aende na bahati njema, na akamtaja mdogo wako wa Nyalikungu mwenye mume na watoto sita. Watu wakakubali kwa vichwa. Baba akanigeukia, na birika likiwa mkononi mwangu, akaniuliza mimi ninasemaje.

Shangazi, ningesema neno moja tu, jina lako, Baba angesimama nami. Nilimwona akilisubiri. Nikasema, "Mtakavyoamua ninyi."

Kwa hiyo mdogo wako alinishika mkono. Ni mtu mwema, alinitengenezea shela vizuri. Kanisani niliangalia mabenchi yote ya upande wetu, hukuwepo. Jioni Masanja akaniuliza, yule shangazi wa hadithi zako yuko wapi, nataka kumsalimia. Nikamwambia unaumwa. Ndiyo maneno ya kwanza ya uongo niliyomwambia mume wangu, na niliyasema nikiwa bado na shela kichwani.

Kesho yake mzigo wako ukafika. Mito miwili uliyoijaza pamba safi tupu, nilijua kwa kuibonyeza, hakuna mbegu wala jani, na foronya umezidarizi maua ya njano. Katikati ya mito hiyo ulikuwa umeweka jarida letu. Bila barua, bila salamu. Nikasema moyoni, basi, amenirudishia. Amefunga hesabu na mimi, hata kilichokuwa chetu hakitaki tena nyumbani kwake. Nikalificha jarida chini ya sanduku la nguo, nikailalia ile mito, na kila asubuhi Masanja alidhani macho yangu mekundu ni ya kumkumbuka Mama.

Jumapili iliyopita alilitoa. Alikuwa anatafuta bisibisi, mtu huyu anatafuta bisibisi mpaka kwenye nguo. Akaliona, akakaa kitako sakafuni, akaanza kucheka kwa furaha kama aliyekutana na ndugu yake stendi. Kumbe nilichokuwa sijakuambia ni kwamba Masanja alikulia karibu na mgodi wa almasi. Baba yake alikuwa anakata nyasi za uwanja wa gofu wa mabwana wa mgodi, na yeye mwenyewe alipomaliza shule alibeba mifuko ya wachezaji kabla hajajifunza ufundi wa magari. Anaujua mchezo huo kama wewe unavyoijua pamba.

Akaiona orodha yangu ya wino mwekundu. Akaisoma mara mbili. Akaniuliza nani kaipanga hivi, nikasema mimi, kwa fahari kidogo.

"Mke wangu," akasema, "umeipindua. Kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye anayeshinda. Anafika shimoni mapema, amemaliza, anakwenda kunywa maji. Mwenye mengi ni yule anayehangaika vichakani."

Sikuamini. Akanitoa nje kunionyesha. Alichukua mpini wa jembe na malimao matatu, akachimba kishimo karibu na kamba ya kuanikia nguo. Ungemwona, Shangazi, alivyosimama, magoti yamelegea, kichwa kimeinama, mzuri mpaka nikasahau kuhesabu. Mama mwenye nyumba akatoka na ungo wake, akatutazama, akaniuliza kama mboga zimeisha hata mume wangu ayapige malimao. Masanja akamjibu kwa adabu kwamba tunafanya mtihani. Limao la kwanza liliingia shimoni kwa mapigo mawili. Langu liliingia kwa tisa, na lilikuwa limepasuka.

Tukarudi ndani, akachukua jarida, akaweka kidole kwa yule wa chini kabisa. Akasema huyu ndiye. Huyu ndiye hodari kuliko wote hapa, kikombe kimekosa bahati ya kukaa kwake. Nikamuuliza, hata bila namba ungejua? Akamtazama vizuri, na Shangazi, naapa sijamwambia chochote, akasema, "Mtazame kisigino."

Nikaanza kulia, na safari hii nikamwambia kila kitu. Birika, Baba akinisubiri, uongo wa ugonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, ingekuwa nafuu angenigomba. Alifungua tu ukurasa wa orodha na kuniuliza kama nimeona kilichoandikwa chini yake. Sikuwa nimeona, kwa sababu tangu mzigo ufike sikuwa na moyo wa kulifungua. Chini ya jina la Kabula, chini ya namba saba yangu nyekundu, kuna mstari kwa penseli, herufi kubwa kubwa za shule ya watu wazima: *TUTAENDELEA KUBISHANA UKIJA.*

Wiki tano nimelala juu ya mito yako nikidhani umenifukuza, na ulikuwa umeniita.

Nimefikiria sana namna tulivyowapanga wale wanawake, na namna walivyokupanga wewe siku ile ya chai. Waliona mume na watoto sita, wakaandika wa kwanza. Wakaona mwanamke na nyumba yake pembeni mwa shamba, wakaandika wa mwisho. Na mimi niliyekaa miaka yote nikikutazama kisigino nilishika birika nikawaachia waandike. Baba mkubwa hakujua. Mimi nilijua. Siombi uniambie si kitu, kwa sababu ni kitu.

Orodha nimeikata yote kwa kalamu isipokuwa mstari wako. Nafasi ya pili hadi ya saba nimeacha wazi, tutagombana huko huko. Masanja anamtetea Milembe na nimemwonya kwamba hajui anaingia nyumba gani. Anasema pia kwamba msimu huu wanunuzi hawa wapya wa pamba, kampuni anayoifanyia ufundi ikiwemo, hawaulizi tena safi wala fifi, wanamwaga yote gunia moja. Nikamwambia kuna ua mmoja Zagayu ambako nina hakika bado yanafanywa mafungu mawili. Akasema angependa kuuona.

Gari lao la pamba linakuja Zagayu kabla mwezi huu haujaisha, na ameomba yeye ndiye awe fundi wa safari. Nitakuja nalo. Lakini sikiliza nitakavyokuja. Gari litasimama barabarani, na Masanja atabaki huko, nimeshamwambia, naye amekubali kusubiri hata saa nzima juani. Nitakuja peke yangu kwa njia ya katikati ya shamba mpaka mlangoni kwako, kama nilivyokuwa nikija likizo. Ukinifungulia, nitakaa kwenye mkeka nichambue kushoto kwako mpaka useme inatosha. Kisha, kama bado mimi ni wako, utanishika mkono, utanitoa kwenye ile nyumba, na utanipeleka mwenyewe kwa mume wangu.

Wabeja sana, Shangazi, kwa mito, na kwa penseli.

Ni mimi, mwanao wa kwenye mkeka.