Pikipiki ya Kitaliano Niliyobitswa

Jumapili, mvua tangu alfajiri. Kanisani sikwenda. Huko kijijini kwetu Kirushya watasema Mwalimu wao anaumwa, na safari hii hawatakuwa wamekosea.

Nimekuja mjini Ngara, kwenye chumba cha intaneti, niandike. Nyumbani nikifungua mdomo nitapiga kelele.

Nimesalitiwa. Naliandika neno lenyewe kwanza, nisije nikaanza kulizungukazunguka.

Mwaka ule Warundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa makundi, na mikeka, na mbuzi, na watoto mgongoni, kijana mmoja alivuka akisukuma pikipiki. Evarist, mtoto wa mfanyabiashara wa Bujumbura. Pikipiki yenyewe nyekundu, fupi, imefunikwa bodi kuanzia taa hadi mkia, hata injini huioni. Ya mashindano, alisema, ya Kitaliano, kutoka kiwanda kidogo kinachounda chache tu kwa mkono, na hata huko Italia wengi hawajawahi kuiona barabarani. Mafuta yalikuwa yamemwishia mbali. Aliisukuma kwenye njia ya mbuzi mpaka viganja vikachubuka, na alikuwa analia bila kuona aibu. Kambini asingeweza kuingia nayo. Akabisha hodi kwetu kwa sababu alimsikia marehemu mama yangu akifukuza kuku kwa Kirundi. Mama naye alikuja nchi hii akikimbia, miaka mingi kabla, mimi nikiwa tumboni.

Wazee wetu wana neno, kubitsa. Unampa mtu ng'ombe wako akutunzie. Hakuna karatasi. Mnakunywa pombe ya ndizi kutoka kibuyu kimoja, basi, ng'ombe ni wako popote alipo, na mtunzaji anabaki na maziwa na mbolea. Evarist alitubitsa pikipiki. Tulikunywa sisi wanne, yeye, mama, mimi na mume wangu Gervas. Gervas ndiye aliyeipandisha juu ya matofali stoo, ili matairi yasioze, akasema mtu asiisogeze.

Sikuisogeza. Kila Jumamosi niliifuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta. Niliipenda, siwezi kukataa. Mwaka migomba iliponyauka tukashindia mihogo mitupu, walikuja watu kuiulizia, nikawafukuza kama nafukuza nyani shambani. Mama alipokuwa anakata roho aliniambia mambo mawili, na moja lilikuwa nikitunze kitu cha watu.

Gervas naye alikuwa na hamsini zake. Miaka hii ya karibuni amefungua mashine ya kusaga kule Bisibo, Biharamulo, kwa Wasukuma waliohamia. Injini ameipata kwenye vyuma chakavu Kahama, aliniambia. Inalia kwa sauti kali mpaka wateja wanaiita Ndege. Nilimsifu. Nilikula ugali wa unga ule nikawa nawaambia majirani, mnamwona mwanamume?

Jana Evarist alikuja. Kwao kumetulia, ana mvi kidogo, ana mke, na alikuja na pikapu kuchukua mali yake. Watu wakajaa uani. Nikasimama mbele yao, kifua mbele, nikaapa kwa kaburi la mama kwamba haijaguswa hata msumari.

Wanaume wanne waliishika wainyanyue. Nusura waanguke chali, ilivyokuwa nyepesi.

"Mwarimu," akasema jirani yangu mzee Bandora, "hiki kitu kina njaa."

Evarist alifungua bodi kwa spana, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Ndani kulikuwa na matambara na kiota cha panya. Injini hakuna. Nimekuwa nikisugua ganda tupu, miaka, kwa kitambaa na mafuta, nikijiona mwaminifu kuliko wote Kirushya.

Evarist hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliniuliza tu, "Dada, ulijua?"

"Sikujua, kaka."

"Sawa," akasema. Akatazama pembeni.

Hiyo sawa yake bado naisikia.

Nilipanda kilimani penye mtandao nikampigia Gervas. Hata hakujitetea sana. Alisema mwenye mali alikaa kimya miaka, tungejuaje yu hai. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kumaliza maneno, akasema: "Mama Neema, ng'ombe wa kubitswa si unakamua? Mimi nimekamua."

Nikamwambia, Gervas, hukukamua. Umechinja, ukaiacha ngozi imesimama, ukanitazama kila Jumamosi nikiisugua.

Nilidhani ataomba radhi, na Mungu ananiona, ningemsamehe palepale kilimani, maana nilikuwa nimechoka na nampenda. Badala yake akashusha sauti. Niseme ni wakimbizi. Niseme waliingia stoo wakati ule wa wizi mwingi. "Nani atabisha?"

Hakuna atakayebisha, na hilo ndilo linaloniuma. Miaka yote hii kila mbuzi aliyepotea Ngara alikuwa ameliwa kambini, kila sufuria iliyokosekana ilikuwa imekwenda kambini. Lakini kuniambia mimi! Binti wa mwanamke aliyevuka mpaka na tumbo, nimtazame Evarist usoni nimwambie wenzio wamekuibia. Mama alimpikia Gervas tangu siku ya posa. Aliwezaje kulifikiria hilo na kulitamka kwa mdomo uleule uliokunywa kwenye kibuyu?

Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna anisomaye. Nilipokuwa nashuka kilima nilijaribu kuisema ile sentensi kimoyomoyo, nione inavyokaa. Ilikaa vizuri. Ile mashine ndiyo inayomsomesha Neema, ndiyo iliyotuezekea bati. Injini ikirudi kwa mwenyewe, Ndege imekufa, na nyumba yangu huenda ikafa nayo. Niliogopa jinsi sentensi ile ilivyokuwa rahisi.

Nilipofika chini nilikuwa sijui tena ni nani ninayemchukia zaidi.

Evarist amelala nyumba ya wageni. Jana jioni mwenyekiti wa kijiji alituma ujumbe: Jumatatu asubuhi tukutane ofisini kwake kabla ya vipindi, Mwalimu aje aseme aliyeitoa injini ni nani.

Mvua imekatika. Mwenye chumba anataka kufunga. Nimeamua.

Kesho nitamtaja mwizi kwa jina lake. Kisha nitaingia darasani, na watoto wote watasimama waniamkie: "Shikamoo, Madam Gervas."